Mvua, Chumvi na Chokaa: Historia ya Kuta za Matofali za Dodoma

Katika toleo hili la kumbukumbu wenzangu wameandika juu ya waasisi wa hekalu letu, juu ya ibada na sherehe zake, na juu ya familia zilizolilea. Mimi nimeombwa na kamati niandike juu ya jengo lenyewe, yaani matofali yake. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, kuta za kale za mji huu ni sehemu ya historia yetu sote, Wahindu na majirani zetu. Pili, nina deni. Madhara makubwa yaliyoupata ukuta wetu wa mashariki hayakuletwa na mvua peke yake. Yalitokana pia na ushauri nilioutoa mimi mwenyewe nikiwa mweka hazina, nao ulipokelewa kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Ni vema basi habari hizi zisimuliwe na yule aliyekosea.

Ardhi na hali ya hewa

Wazee husimulia kwamba jina la Dodoma latokana na neno la Kigogo idodomya, yaani mahali palipozama, kwa sababu ya tembo aliyekwama katika tope akashindwa kutoka. Iwe ni kisa au historia, kila fundi aliyechimba msingi katika mji huu anajua kwamba simulizi hiyo inaifahamu ardhi yetu vizuri. Mji umekaa juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni haba, takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini uhaba huo hudanganya. Mvua ya Dodoma haiji kwa manyunyu. Huja kwa kishindo, ikasukumwa na upepo, ikapiga ukuta kwa ubavu na kurusha matope kutoka chini hadi magotini. Ikisha kupita, jua hutoka siku hiyo hiyo na kuanza kuukausha ukuta. Kisha hufuata miezi mingi ya ukame, yenye mchana wa joto, usiku wa baridi, na upepo uliobeba vumbi.

Pamoja na hayo, ardhi ya hapa ina chumvi. Waliokunywa maji ya visima vya mjini wanaijua ladha yake, na huko Bahi, magharibi ya mji, wenyeji wamekuwa wakivuna chumvi tangu zamani. Chumvi hiyo huyeyuka katika maji ya ardhini, nayo maji hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Maji yakifika juu hukauka na kuondoka, lakini chumvi haiondoki. Hubaki ndani ya vitundu vya tofali, ikaganda kuwa fuwele, na fuwele hizo zinapokua husukuma kwa nguvu hata ngozi ya tofali ikabanduka. Mwaka hadi mwaka tofali huwa unga mwekundu unaoanguka chini ya ukuta, na kila asubuhi mfagiaji huuzoa pasipo kujua kwamba anazoa nyumba.

Kabla ya tofali

Historia ya kutengeneza kuta katika uwanda huu haikuanza na Wajerumani wala na wazee wetu kutoka Gujarat. Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857 walikuta tembe, nyumba za mstatili zenye kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo. Tembe ilifaa sana kwa nchi yenye jua kali na mvua chache, lakini ilidai jambo moja: itunzwe kila mwaka. Kabla ya mvua mwenye nyumba alikagua paa, akaongeza udongo palipolika, akaziba nyufa na kukandika kuta upya. Nyumba haikuhesabiwa kuwa imekwisha kujengwa. Iliendelea kujengwa maadamu ina mwenyewe.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli ulikuja mji wenyewe: stesheni, bohari, nyumba za maofisa, na safu za maduka katika mtaa unaoitwa Uhindini hata leo. Wafanyabiashara wa asili ya Kigujarati na Kikachchhi, ambao awali walifuata njia ya misafara, sasa walifuata njia ya treni. Miongoni mwao alikuwamo babu yangu. Kwa Kigujarati tulimwita babu huyo "dada", neno lililowachekesha sana watoto wa majirani, maana walimwona mzee mwenye masharubu akiitwa jina la dada yao.

Nyumba za wakati ule zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyochomwa katika tanuri za kuni. Tanuri ya namna hiyo haichomi sawasawa. Matofali ya katikati huiva, na ya pembezoni hubaki mabichi kwa ndani. Mafundi wa zamani waliyachagua kwa sikio: tofali lililoiva likigongwa hulia kama kengele, na lisiloiva hutoa sauti nzito kama kibuyu. Lakini hata tofali lililoiva vizuri lina nguvu zaidi kwenye ngozi yake, pale lilipolambwa na moto. Ngozi hiyo ikitoka, ndani ni laini.

Kati ya tofali na tofali walitia chokaa. Jiwe la chokaa huchomwa hadi kiasi cha nyuzijoto 900 za Selsiasi, likatoa hewa yake na kuwa jepesi. Kisha humwagiwa maji, nalo huchemka lenyewe kwa ukali na kuwa uji mweupe. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kuachwa ukutani, hurudisha polepole kutoka hewani kile ulichopoteza motoni, ukawa jiwe tena. Huko India mafundi walizoea kutia sukari guru katika chokaa ili kuiongezea nguvu, na babu alipenda kutuambia kwamba kuta za kwao zilijengwa kwa peremende.

Sifa kubwa ya chokaa ni kwamba ni laini kuliko tofali na inapitisha unyevu. Ukuta ukicheza kidogo, chokaa hucheza nao. Ukuta ukilowa, maji hutoka kupitia viungo vya chokaa, na chumvi hukusanyika humo. Baada ya miaka kadhaa kiungo huchakaa, fundi hukikwangua na kujaza kipya, na tofali husalimika. Kiungo kimewekwa kife ili tofali liishi.

Juu ya yote walipaka chokaa nyepesi. Hapa ndipo desturi yetu ilipokutana na hali ya hewa ya Dodoma kwa namna ya ajabu. Kwa Wagujarati, nyumba husafishwa na kupakwa chokaa kabla ya Diwali. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, na mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kwa hiyo kila mwaka, majuma machache kabla ya mvua, kuta zetu zilivikwa nguo mpya. Wakati huo huo jirani yetu Mgogo alikuwa juu ya tembe yake akiongeza udongo. Sisi tulidhani tunamwandalia makao Lakshmi, naye alidhani anaiandalia familia yake paa. Kwa hakika wote wawili tulikuwa tukifanya kazi moja.

Saruji ilipoingia

Saruji tunayoijua ilipatiwa hataza na Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Katika nchi yetu ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo hadi kiwanda cha Wazo, karibu na Dar es Salaam, kilipoanza kuzalisha mwaka 1966. Baada ya hapo ilipatikana kwa urahisi zaidi, na chokaa ikaanza kuonekana kama kitu cha watu wasio na uwezo.

Mambo mengine mawili yalitokea karibu na wakati huo. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Nyumba nyingi zilibadili mwenyewe, na familia nyingi za Kiasia zikahama nchi. Siandiki haya ili kufufua ugomvi wa zamani. Nayataja kwa sababu ya kuta: mwenye kupaka chokaa alipoondoka, mara nyingi desturi yake iliondoka naye. Kisha mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ujenzi mpya ukaja na matofali ya saruji, zege na nondo. Kizazi cha mafundi waliojifunza kazi baada ya hapo kilijua saruji peke yake. Hawakuwa na kosa, ndicho walichofundishwa.

Nami niliuza saruji. Nimeiuza kwa zaidi ya miaka thelathini, na watoto wangu wamesomeshwa nayo. Ziliponyesha mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, ukuta wa mashariki wa hekalu ulilowa hadi usawa wa madirisha, na matofali ya chini yakaanza kumomonyoka. Kamati iliketi. Nilisimama nikasema, kwa uhakika wa mtu ajuaye bei ya kila mfuko, kwamba tupige lipu nzito ya saruji na kuipaka rangi ya plastiki, nasi tutasahau habari ya ukuta huo kwa miaka hamsini. Mzee mmoja aliuliza kwa upole, "Na maji yaliyomo ndani yatatokea wapi?" Nilimjibu kwamba hayataingia tena. Wote walicheka, nami nilidhani wanacheka pamoja nami.

Mwaka wa kwanza ukuta ulipendeza. Msimu wa tatu wa mvua rangi ilianza kufura kama mkate. Kisha lipu ilitoa mlio wa utupu ikigongwa. Kisha ikaanguka vipande vipande, na kila kipande kiliondoka na ngozi ya tofali iliyoshikamana nacho. Maji yalikuwa yakiendelea kupanda kutoka ardhini kama siku zote. Yalipokuta mlango umefungwa yalipanda juu zaidi, hadi kuta za ndani, karibu na madhabahu. Sisi tulipiga lipu tena, nene zaidi.

Kubomoa au kutengeneza

Baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, na hasa baada ya Dodoma kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, viwanja vya katikati ya mji vilipanda thamani mno. Katika kamati yetu likatokea wazo la kulibomoa hekalu na kujenga ghorofa lenye maduka chini na ukumbi wa ibada juu. Halikuwa wazo la kipuuzi. Jamii yetu imepungua, vijana wapo Dar es Salaam, Leicester na Toronto, na kodi ya maduka ingelipa gharama za ibada. Sababu kuu iliyotolewa ilikuwa hali ya ukuta wa mashariki. Kwa maneno mengine, kosa langu ndilo lililokuwa likilihukumu jengo.

Niliomba muda. Nilimtafuta mzee mmoja fundi, Mgogo wa Kikuyu, ambaye katika ujana wake aliwachotea chokaa mafundi wa Kihindi kabla ya kuushika mwiko mwenyewe. Alikuja, akauzunguka ukuta kimya. Akaomba glasi ya maji. Nilidhani ana kiu. Akamwaga kidogo juu ya tofali lililo wazi, nalo likayanywa papo hapo. Akamwaga kidogo juu ya lipu ya saruji, maji yakateremka hadi chini. Akasema, "Tajiri, ukuta huu haukuuawa na mvua. Umeuawa na koti mlilouvisha."

Nikamuuliza, "Mzee, unaweza kupona?"

Akasema, "Mkiwa na subira."

Naeleza hapa jinsi kazi ilivyokwenda, ili majirani wenye nyumba za matofali ya zamani wanufaike nayo.

Kazi ya kwanza haikuwa kwenye ukuta bali kwenye maji. Gata zilikuwa zimezibwa na majani ya mwarobaini. Ua ulikuwa umesakafiwa kwa zege lililoinama kuelekea ukutani, na ardhi ya nje ilikuwa imeinuliwa na kifusi cha miaka mingi. Tulizibua gata, tukavunja ukanda wa zege wenye upana wa nusu mita kandokando ya ukuta, tukachimba mtaro na kuujaza kokoto. Kisha lipu yote iliondolewa kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi, bila mashine, kwa maana mashine haitofautishi lipu na ngozi ya tofali. Baada ya hapo mzee alikataa kufanya jambo lolote kwa msimu mzima wa kiangazi. Ukuta uliachwa wazi ukauke. Chumvi ilitoka nyeupe kama unga, nasi tuliisugua kwa brashi kavu na kuizoa. Kuiosha kwa maji kungeirudisha ndani.

Viungo vibovu vilikwanguliwa kwa mkono hadi kina cha mara mbili ya upana wake. Matofali yaliyooza yalitolewa moja moja, kamwe si mengi ya jirani kwa wakati mmoja, ili ukuta usikose egemeo. Mengi hayakutupwa. Yaligeuzwa, upande uliokuwa ndani ukatazama nje, nao ulikuwa mzima kana kwamba umetoka tanurini jana. Pengo lililobaki tulilijaza kwa matofali ya stoo ya zamani iliyokuwa uani, yaliyochomwa kwa udongo ule ule.

Chokaa ililowekwa katika mapipa miezi kadhaa kabla ya kutumika, ikifunikwa na maji. Atakayefuata njia hii ajihadhari: chokaa mbichi ikikutana na maji huunguza, na tone moja likiingia jichoni laweza kupofusha. Kipimo chetu kilikuwa sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Mzee alikuwa akiuonja mchanga wa kila lori kwa ulimi, na lori mbili alizirudisha kwa sababu zilikuwa na chumvi. Kwa sababu hiyo hiyo hatukutumia maji ya kisima. Kabla ya kujaza kiungo, tofali lililoweshwa kidogo lisije likainyonya chokaa maji yake, na baada ya kujaza, ukuta ulifunikwa kwa magunia mabichi siku nyingi. Chokaa haipendi jua letu. Ikikauka upesi huwa vumbi. Mwisho tulipaka chokaa nyepesi, mikono mitano, kila mkono mwembamba kama maziwa.

Ukuta umevuka misimu kadhaa ya mvua. Sitaki kuupamba ukweli. Pembe ya kaskazini bado hutoa chumvi kila mwaka, na mzee alituonya kwamba chumvi ya miaka ishirini haitoki kwa mwaka mmoja. Hata hivyo ukuta wa ndani umekauka, na wazo la kubomoa halijaletwa tena mezani.

Funzo

Naendelea kuuza saruji. Kwa msingi mpya, kwa nguzo na zege, ni kitu chema, na jiji hili lisingesimama bila hiyo. Lakini sasa mteja akija kununua mifuko ya kurekebisha nyumba ya matofali ya zamani, humuuliza kwanza ukuta wake umejengwa kwa kitu gani. Mara nyingine hupoteza mauzo.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile lilikuwa na sifa duniani kote. Sifa haikulizuia kuanguka. Basi jengo dogo kama letu litasimamishwa na nini, kama si mikono ya watu wake?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuziba. Niliziba kwa kitu kisichofanana na ukuta. Napendekeza kwa kamati mambo mawili. Kwanza, liwepo daftari la jengo, ambamo kila tengenezo litaandikwa: tarehe, fundi, na vitu vilivyotumika, ili wajukuu wetu wasibahatishe kama tulivyobahatisha sisi. Pili, siku ya kupaka chokaa kabla ya Diwali irudishwe, nao majirani wote wakaribishwe. Fundi wetu mzee amekubali kuja na vijana wawili anaowafundisha. Ameomba tu kwamba tusisahau brashi, na kwamba chai iwe na tangawizi.